Plasfozi, Kijiti cha Mbao na Limo Nje ya Klabu: Vile Gofu Iligeuzwa Kuwa Mtindo

Pita Gikomba siku ya kufungua belo na hutakosa kuona tishati ya polo imeshonwa jina la klabu fulani ya gofu ya Marekani, ama ile sweta ya maboksi yaliyolala upande ambayo sasa inauzwa bei ya kuumiza. Msee ataidunga akienda kuona manzi na hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani. Haikutokea tu. Karibu miaka mia moja iliyopita kuna watu waligundua kwamba pesa kubwa ya gofu haiko kwa wanaocheza. Iko kwa wale wanaotaka kuonekana kama wanaocheza.

Risto yenyewe ni ya kati ya 1890 na 1935 hivi, Uingereza na Marekani. Na ukiifuatilia poa utaona kitu kimoja: sura ya gofu ilitengenezwa na kuuzwa na watu ambao klabu zenyewe zilikuwa haziwataki ndani.

Picha kwanza

Huko Scotland gofu ni mchezo wa kitambo sana, lakini Marekani ulishika moto mwisho mwisho wa karne ya 19. Chama cha gofu cha huko, USGA, kiliundwa 1894. Wakati huo huo magazeti yalikuwa yameanza kuchapisha picha safi na kujaza kurasa na matangazo. Vitu hivi viwili vilikutana, vikapendana.

Cheki mchoraji Charles Dana Gibson. Yeye ndiye alikuwa anachora wale madem waliojulikana kama Gibson Girls kwa gazeti la Life, ambalo enzi hizo lilikuwa la vichekesho. Dem mrefu, nywele zimepandishwa juu, kiuno cha nyigu, macho ya kukudharau. Gibson akawapeleka uwanja wa gofu. Kwa hizo picha hakuna mtu anajali mpira umeenda wapi. Stori ni nani anamkatia nani macho. Mwanaume amesimama na fimbo yake kama amesahau kazi iliyomleta. Hapo gofu ikaacha kuwa mchezo wa wazee wenye ndevu na ikawa pahali pa vijana wenye doo kupatana.

Kampuni hazikulala. Cope Bros, watu wa tumbaku wa Liverpool, mwaka wa 1900 walitoa kadi 50 za wachezaji wa gofu, unapata moja ukinunua pakiti ya fegi. Perrier, wale wa maji ya chupa ya Ufaransa, walimlipa mchoraji Charles Crombie achore sheria za gofu ki-vichekesho, na kitabu kikatoka kitu 1905. Ni wazee wenye mashavu mekundu wakipigana na mchanga, matope na hasira zao wenyewe. Mpaka leo watu hununua hizo picha na kuzitundika ukutani, na Perrier hawakuwa wanauza hata mpira mmoja. Walikuwa wanauza maji.

Hata kampuni za reli ziliingia. Glasgow and South Western Railway ilifungua hoteli ya Turnberry mwaka wa 1906, kando ya uwanja wa gofu, ikiwa na reli yake ya kukushukisha hapo. Kwa posta za rangi kwa stesheni unaona bahari, nyasi za kijani, mwanaume amepinda mgongo akipiga mpira. Ujumbe ulikuwa simpo: nunua tiketi, uishi hivi kwa wikendi moja. Gleneagles, hoteli ingine ya mapesa iliyozaliwa na akili za watu wa reli, ilifunguliwa 1924.

Deal ya Vardon iliyoharibikia njiani

Kama unadhani wachezaji kulipwa watangaze bidhaa ni kitu ya juzi, kutana na Harry Vardon. Jamaa alizaliwa kisiwa cha Jersey, baba yake mfanyakazi wa bustani, na yeye mwenyewe alianza kwa kubeba mifuko ya fimbo, yaani kedi. Mwaka wa 1900 alikuwa ashashinda Open ya Uingereza mara 3 (alimaliza na 6, rekodi ambayo haijavunjwa). Kampuni ya Spalding ikampeleka Marekani mwaka huo kutangaza mpira wao mpya uliobeba jina lake: Vardon Flyer.

Alizunguka karibu nchi nzima akicheza mechi za maonyesho, akavunja kidogo akashinda US Open huko Chicago. Wakati mwingine hata uwanja haukuhitajika. Kule Boston alisimama ndani ya duka kubwa la Jordan Marsh akawa anapiga mipira kwa neti, watu wanakuja kumtazama na wakitoka wananunua vitu.

Shida ni hii. Vardon Flyer ilikuwa ya gata-pacha, utomvu mgumu wa mti. Na 1899 Coburn Haskell na mwenzake wa kampuni ya mpira ya Goodrich, huko Akron, Ohio, walikuwa wameshapata hataza ya mpira wa gofu uliofungwa nyuzi za raba ndani. Ulikuwa unaenda mbali kuliko wa Vardon, na msee wa kawaida tu angeweza kuupiga vizuri. Ilipofika 1902, Sandy Herd alishinda Open ya Uingereza akiutumia. Vardon Flyer ikazeeka kabla haijakomaa. Lakini ile akili ya kupachika jina la bingwa kwa bidhaa haikuondoka tena.

Mapamba

Zamani sana gofu ilichezwa na koti nyekundu, sababu viwanja vingine vilikuwa ardhi ya umma na watu wanaopita walifaa kuonywa kuna mipira inaruka. Kule Wimbledon Common, London, wachezaji bado huvaa nyekundu juu mpaka leo. Baadaye ikawa suti nzito za sufu, tai shingoni, kofia bapa. Vardon alikuwa anapiga mpira akiwa amefunga koti na tai kama anaenda intaviu.

Alafu kukaja plasfozi. Hiyo ni suruali pana inayokatwa chini ya goti na kufungwa, ikamwagika kidogo juu ya soksi ndefu. Jina linamaanisha "jumlisha nne", yaani inchi 4 za kitambaa zaidi ya suruali ya goti ya kawaida. Inakupa nafasi ya kusonga, haibebi matope, na inaonyesha soksi. Soksi ndizo zilikuwa kiburi.

Mwenye aliwasha huo moto ni Prince of Wales, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VIII na kuachia kiti 1936 sababu ya mapenzi. Huyu alikuwa influensa kabla neno lenyewe lizaliwe. Akivaa kitu Jumatatu, kufikia Ijumaa mafundi wa London na New York wanakikata. Mwaka wa 1922 alipochukua ukapteni wa klabu ya Royal and Ancient huko St Andrews, alitokea na sweta ya Fair Isle, ile ya michoro mingi ya rangi inayofumwa visiwa vya Shetland. Ilikuwa nguo ya wavuvi. Ghafla kila mwanaume anayejipenda akaitaka, na akina mama wa Shetland wakapata oda za kutosha. Akienda Marekani 1924 akabeba plasfozi zake, na huko nazo zikalipuka. (Ndiye huyo huyo alikuja hapa Kenya kuwinda 1928.)

Kwa wanawake mambo yalikuwa magumu. Fikiria kupiga mpira ukiwa na koseti, mikono mipana ya blauzi, na sketi inayogusa nyasi, halafu upepo wa baharini unavuma. Walitumia mkanda wa lastiki ulioitwa Miss Higgins, unaushusha mpaka magotini ukitaka kupiga ili sketi isikufunike mpira. Sketi zilipanda polepole, na 1933 mchezaji aitwaye Gloria Minoprio alitokea mashindano ya wanawake ya Uingereza, huko Westward Ho!, amevaa suruali ndefu ya kubana, uso umepakwa poda, na fimbo moja tu mkononi. Alipoteza mechi. Wakuu wa gofu ya wanawake walitoa kauli ya kulaani hiyo nguo. Hakuna mtu anakumbuka walichovaa wao.

Kijiti

Sasa hapa ndipo pesa ilipojificha. Kwa muda mrefu, ukitaka kuanzisha mpira kwa kila shimo, ulihitaji kamlima kadogo ka mchanga. Kulikuwa na sanduku la mchanga na maji kando, kedi anachota, anafinyanga, anaweka mpira juu. Mikono ya kedi inachafuka, yako iko safi.

Dkt. George Franklin Grant wa Boston aliona huu ni upuzi. Alikuwa daktari wa meno, Mweusi, wazazi wake walikuwa watumwa zamani, na ndiye mwalimu wa kwanza Mweusi kuajiriwa Harvard. Alipenda gofu. Tarehe 12 Desemba 1899 alipewa hataza ya kijiti cha mbao chenye kichwa cha raba, unachoma ardhini, unaweka mpira, umemaliza. Lakini hakukiuza. Alikuwa anawagawia marafiki. Alikufa 1910 na kijiti kikabaki kwa makaratasi.

Miaka kama kumi baadaye, daktari mwingine wa meno, William Lowell wa New Jersey, Mzungu, naye akachoka na mchanga mikononi. Akachonga kijiti chake, kwanza akakipaka kijani, baadaye nyekundu, akakiita Reddy Tee. Watu wakamcheka. Kwa nini ununue kitu ambacho mchanga unafanya bure?

Lowell alifanya kile Grant hakufanya. Mwaka wa 1922 alimlipa Walter Hagen na mwenzake wa maonyesho, Joe Kirkwood, dola 1,500 watumie vijiti vyake mbele ya watu. Hagen alikuwa anaweka kimoja nyuma ya sikio kama fundi na penseli yake. Akishapiga, anakiacha pale chini kwa makusudi. Watoi wanaruka kamba kukimbilia kijiti kilichoguswa na Hagen. Wazazi wao wakaenda dukani kununua pakiti.

Reddy Tee zikauzwa kama njugu. Hata hivyo Lowell naye hakukula sana, maana kila mtu mwenye randa alianza kuviiga na yeye akamaliza pesa kwa mawakili. Jina la Grant lilikaa chini ya vumbi mpaka 1991, USGA ilipomtambua rasmi. Hiyo ni miaka 92 tangu hataza.

Hagen na limo

Hagen mwenyewe anahitaji nafasi yake, kwa sababu bila yeye hii stori ni ya nguo tu.

Mtoto wa fundi wa vyuma wa Rochester, New York. Alianza kama kedi. Akashinda US Open 1914 akiwa na miaka 21. Na hapo ndipo unafaa kuelewa kitu kimoja: enzi hizo, mchezaji wa kulipwa alihesabiwa kama mfanyakazi. Wale waliocheza bila malipo, wa ridhaa, ndio waliitwa waungwana. Wale wanaotafuta riziki walikuwa kundi moja na mtunza nyasi. Unaweza kushinda taji kubwa kuliko yote na bado hukubaliwi kupitia mlango wa mbele wa klabu, kukula humo ama kubadilisha viatu humo.

Mwaka wa 1920 Hagen alifika Deal, Uingereza, kwa Open. Akaambiwa akabadilishie nguo kwa kibanda cha wachezaji wa kulipwa. Hakubishana. Alikodi limo ya Austro-Daimler na dereva wake, akaipaki mbele kabisa ya klabu, na wiki hiyo yote akabadilishia nguo ndani yake wanachama wakimtazama dirishani. Kwa mchezo alimaliza karibu na mkia. Lakini magazeti yaliandika nini? Limo.

Kiangazi hicho hicho, klabu ya Inverness huko Toledo, Ohio, iliandaa US Open na ikawafungulia wachezaji wote milango. Wao wakachanga, wakainunulia klabu saa kubwa ya kusimama kama shukrani. Iko hapo mpaka leo.

Hagen alirudi Uingereza 1922 akashinda Open, Mmarekani wa kwanza mzaliwa wa huko kufanya hivyo. Mwaka uliofuata huko Troon alikuwa wa pili, na wakati wa kupeana zawadi akaitwa aingie klabu ambayo ilikuwa imewafungia wachezaji nje wiki nzima. Akakataa. Akawaalika mashabiki wakutane naye kwa baa aliyokuwa anakaa. Viatu vya rangi mbili, mashati ya hariri, nywele zimepakwa mafuta zikang'aa: kwake hayo yote yalikuwa njia ya kuwaambia wale waungwana kwamba mfanyakazi amependeza kuwashinda. Ilimlipa pia. Alikuwa na meneja wake, Bob Harlow, kitu ambacho mchezaji wa gofu hakuwa nacho siku hizo.

Nani ana ruhusa ya kukula pesa

Linganisha na Francis Ouimet. Kijana wa miaka 20 kutoka Brookline, Massachusetts, nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu ya barabara kutoka uwanja wa The Country Club, baba mfanyakazi mhamiaji kutoka Kanada. Alikuwa kedi hapo. Mwaka wa 1913, akicheza US Open kwa huo uwanja kama mchezaji wa ridhaa, aliwapiga Vardon na Ted Ray kwa raundi ya ziada, 72 kwa 77 na 78. Kedi wake alikuwa Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10 aliyetoroka shule. Ile picha yao wakitembea, mtoto na mfuko unaokaribia kumzidi urefu, ilifanya kazi ambayo posta zote za reli hazikuweza: mtoto wa mtaa akaona gofu inaweza kuwa yake.

Sasa ngoja. Mwaka wa 1916 USGA ilimnyang'anya Ouimet hadhi ya ridhaa. Kosa? Alikuwa na biashara ya vifaa vya michezo. Kuuza fimbo dukani ilikuwa dhambi, na jamaa alihitaji kuishi. Walimrudishia 1918. Wakati huo mtoto wa tajiri angeweza kucheza mwaka mzima kwa pesa ya baba yake na akabaki msafi.

Bobby Jones wa Atlanta, wakili, familia iliyojiweza, alicheza maisha yake yote bila kuchukua zawadi ya pesa. Mwaka wa 1930 alishinda mataji yote 4 makubwa ya wakati huo, New York ikamwagia karatasi barabarani, akastaafu akiwa na miaka 28. Kisha akasaini na Warner Bros. Filamu fupi 12 za How I Play Golf zikatoka 1931, na mastaa kama James Cagney, W.C. Fields na Loretta Young walitokea ndani bila malipo, bora tu wapate masomo ya Jones. Spalding wakatoa fimbo zenye jina lake. Yeye alijua pesa iko wapi. Alingoja tu amalize kushinda ndipo aiokote.

Vitabu, vichekesho na gofu ya juu ya paa

Kufikia hapo gofu ilikuwa imeingia kila mahali. P.G. Wodehouse alitoa kitabu kizima cha hadithi za gofu 1922. F. Scott Fitzgerald akaweka mchezaji wa gofu, Jordan Baker, ndani ya The Great Gatsby (1925), na mfano wake alikuwa mtu wa kweli: Edith Cummings, bingwa wa wanawake wa Marekani 1923 na mwanamke wa kwanza mwanamichezo kuwekwa kwa jalada la Time, Agosti 1924. Charlie Chaplin alipiga mipira ovyo kwa The Idle Class (1921). Laurel na Hardy walimalizia raundi yao ya 1928 kwa vita vya matope. Unaweza kucheka kitu kiasi hicho tu kama kila mtu kwa ukumbi anajua kinafanana aje.

Halafu uchumi ukaanguka 1929, na badala ya gofu kufa, ikawa ndogo. Garnet Carter, mwenye hoteli huko Lookout Mountain, kusini mwa Marekani, alikuwa ametengeneza gofu ya mashimo mafupi aliyoiita Tom Thumb. Nyasi zilikuwa maganda ya mbegu za pamba yaliyopakwa rangi. Mwaka wa 1930 viwanja hivyo vilizuka kwa maelfu, New York vikawekwa juu ya paa za majengo, watu wanacheza usiku chini ya taa. Kwa sarafu chache unaonja maisha ya sonko. Craze yenyewe ilizima haraka vile ilivyokuja.

Nje ya gate

Nairobi haikuwa mbali na haya. Nairobi Golf Club ilianzishwa 1906, mji wenyewe ukiwa bado mabati na matope, miaka 7 tu baada ya reli kufika. Mfalme George V aliipa jina la Royal 1935. Ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa amebeba mfuko wa fimbo, ama trei, ama mashine ya kukata nyasi. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya waliokuja baadaye walijifunzia hapo hapo kwa ukedi, wakiiga pigo la mwenye mfuko.

Marekani nayo, wachezaji Weusi waliunda chama chao 1925, United Golfers Association, na mashindano yao wenyewe. Mwaka wa 1934, mwaka ule ule Bobby Jones alianzisha mashindano ya Augusta yanayojulikana leo kama Masters, PGA ya Marekani iliandika kwa katiba yake kwamba wanachama ni Wazungu pekee. Kifungu hicho kilitolewa 1961.

Kinachouma ni kwamba mlango ulikuwa umewahi kufunguka. Mwaka wa 1896, US Open ya pili kabisa, huko Shinnecock Hills, kijana Mweusi wa miaka 16 aitwaye John Shippen alijiandikisha. Alikuwa kedi hapo. Wachezaji wengine walitisha kujitoa kama yeye na Oscar Bunn, wa jamii ya asili ya Shinnecock, watacheza. Rais wa USGA, Theodore Havemeyer, aliwajibu kwamba mashindano yataendelea hata kama wawili hao ndio watabaki peke yao. Wote wakacheza. Shippen alikuwa miongoni mwa viongozi mpaka shimo moja likamla mapigo 11, na bado akamaliza ndani ya kumi bora.

Alifanya kazi ya gofu maisha yake yote, akafa 1968. PGA ilimpa uanachama 2009.